Uzi: Corona Tanzania hatukufungiwa ndani, mbona mama zetu wakulima ndio walioanguka?

#1 BintiLukozi

Habari wanajukwaa.

Hili limenikaa rohoni tangu 2020 na leo nimeamua kulileta. Vyuo vilipofungwa mwezi wa tatu nilirudi nyumbani Lukozi, Lushoto. Mama alikuwa na kabichi karibu robo tatu ya ekari, karoti kidogo upande wa juu, na hoho kule chini kwenye mfereji. Kwetu hapakuwa na kafyu wala polisi wa kumfukuza mtu shambani. Soko lilikuwa wazi. Rais Magufuli alikataa kufungia watu, akasema tuchape kazi, na mama alichapa kazi kweli.

Mwezi wa tano kabichi zimefunga, zimekomaa. Dalali aliyekuwa akimpigia simu tangu miche iko kitaluni hapokei. Siku ya tatu akapokea: kichwa shilingi mia, na kuteremsha mzigo hadi barabarani ni juu ya mama. Mama akakata simu. Akaingia shambani na panga, akakata kichwa kimoja, akakipasua katikati na kukitazama ndani. Kilikuwa cheupe, kimebana, hakina doa. Akamtupia ng'ombe. Akakata kingine, akakipasua tena na kukitazama vilevile, kama anatafuta kosa lake mwenyewe humo ndani.

Sasa swali langu. Mjomba, ambaye shamba lake limepakana na la mama, alipita mwaka ule bila shida kubwa. Wanaume wengine watatu wa pale nawajua, nao walipita. Kina mama saba wa kikundi cha mama, hakuna aliyesimama tena sawasawa kabla ya 2022. Ugonjwa ni ule ule na mvua ni ile ile. Kwa nini?

#2 MzeeWaMombo

Binti, pole, na mpe pole mama.

Jibu ni soko. Kabichi ya Lushoto inaliwa na nani? Shule za bweni, vyuo, kambi, hoteli na mama ntilie. Shule zilifungwa katikati ya Machi na za msingi zikakaa hadi Juni 29. Ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa Aprili 11 hadi Mei 18, na zilipofunguliwa watalii hawakuwa wamerudi. Arusha na Unguja hoteli zikabaki na walinzi tu. Mlaji mkubwa wa kabichi akaondoka siku moja. Hakuna siri nyingine hapo.

#3 KaribuIlala

Mimi nimekuwa dalali soko la Ilala miaka kumi na mbili, kwa hiyo najua nitatukanwa humu, lakini niseme.

Mzee wa #2 kasema kweli ila kaacha nusu. Si kwamba mjini hawakula. Walikula majumbani, na mtu akipika nyumbani ananunua kabichi nusu kichwa kwa siku mbili. Mama ntilie mmoja wa karibu na ofisi za Posta alikuwa anachukua kwangu vichwa arobaini kila asubuhi. Maofisi yalipopunguza watu akafunga meza, akarudi kwao Masasi. Nilikuwa na wateja kumi na moja wa aina hiyo, wakabaki wawili.

Mwezi ule wa tano nilipokea fuso ya kabichi kutoka milimani, ikalala siku tatu bila kuisha. Majani ya nje yakawa njano, ikaanza kutoa maji. Nililipa gari, nikalipa ushuru na wapakuaji, kisha nikalipa watu wa kwenda kuitupa. Simu za wakulima sikupokea kwa sababu sikuwa na la kuwaambia. Nakiri nilikosea. Mtu anastahili kuambiwa hata kama habari ni mbaya.

#4 NyawiraWaMwea

Salamu kutoka Kirinyaga, Kenya. Nyinyi mnasema hamkufungiwa. Acha niwaambie sisi tuliofungiwa.

Kafyu yetu ilianza Machi 27, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mtu wa ofisi hakuona shida, lakini mboga husafiri usiku. Soko la Marikiti pale Nairobi huchangamka saa tisa, saa kumi usiku. Sisi kina mama watano tulikuwa tunachangia kanta, tunatoka huku saa tano usiku na mizigo yetu, tukifika tunauza, na kukipambazuka tuko njiani tukirudi. Kafyu ikakata hiyo safari. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini ruhusa ni ya lori na dereva. Mama aliyeketi juu ya magunia hana karatasi. Kisha Aprili 6 Nairobi ikafungwa kabisa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi Julai.

Matokeo ni kwamba mwenye lori ndiye alibaki na njia ya sokoni. Alikuja shambani akapanga bei yake. Na nani alikuwa na malori kwetu? Wanaume. Sijui mwanamke hata mmoja wa Mwea aliyekuwa na lake wakati ule.

Na mishiri nayo, yale maharage machanga yanayoliwa na maganda yake! Ile ya kwenda Ulaya hubebwa sana kwenye tumbo la ndege za abiria. Ndege hizo zilisimama Machi 25 hadi Agosti 1. Kampuni iliyokuwa inachukua yetu ikatuma ujumbe wa simu: msivune. Mishiri haisubiri ujumbe. Ukipitisha siku mbili imekomaa, imekuwa maharage.

#5 Tupatupa

Na ninyi Wakenya ndio mliotumaliza. Mlifunga mpaka na mkazuia mahindi yetu. Wifi yangu Himo aliozewa na gunia arobaini.

#6 Karani_Holili

Mkuu Tupatupa, unachanganya mambo mawili. Nilikuwa mpakani.

Mei 16, 2020 Rais Kenyatta alifunga mpaka na Tanzania kwa watu, lakini malori ya mizigo yaliachwa yapite, dereva akipimwa. Shida ikawa vipimo: upande mmoja unasema dereva ana virusi, upande wa pili unasema hana. Mikoa yetu ya mpakani nayo ikazuia malori yao. Foleni ikajaa hadi viongozi walipokaa wakakubaliana siku chache baadaye.

Zuio la mahindi ni la Machi 2021, na sababu iliyotolewa ni sumukuvu. Halikuhusu corona, na halikumaliza hata wiki kabla ya kuondolewa kwa masharti. Kama mahindi ya wifi yako yalioza 2020, tafuta sababu nyingine.

Ila kuna kitu watu hawakuandika. Mwanamke wa Holili, Tarakea au Namanga hakuwa anapitisha lori. Alikuwa anavuka na tenga moja la nyanya au ndoo mbili za maharage kwa njia za miguu, anauza upande wa pili, anarudi na mafuta na sabuni. Walipofunga mpaka "kwa watu" walimfunga yeye, kwa sababu kwake mtu na mzigo vinavuka pamoja.

#7 Tupatupa

Nimekuelewa karani. Ilikuwa 2021 kweli, nimemuuliza. Ila gunia ni arobaini hizo hizo, hapo sijakosea.

#8 SheriaKijijini

Mleta uzi, mimi nafanya kazi ya msaada wa sheria vijijini, na naona mnazunguka.

Angalia swali lenyewe: mjomba kapita, mama kaanguka, mashamba yamepakana. Soko lile lile, dalali yule yule. Tofauti yao ni ardhi. Mjomba shamba ni lake. Akibanwa anaweka rehani, anakodisha kipande, au anaacha lipumzike. Mama yako shamba ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, hiyo iko wazi. Lakini nikifungua faili kumi za wanawake ninaowahudumia, tisa wanalima ardhi ya mume, ya mkwe, ya kaka, au ya kukodi msimu hadi msimu. Mtu wa namna hiyo msimu mmoja ukiharibika hana pa kushika.

#9 JembeLaMkono

Kila kitu ardhi, ardhi. Mjomba alilima nini? Maana hapo ndipo jibu lilipo.

#10 BintiLukozi

Mjomba alikuwa na viazi mviringo, na miti kidogo.

Na @SheriaKijijini, shamba la mama ni la marehemu babu. Mjomba "amempa alime". Hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani. Sijawahi kulifikiria neno hilo mpaka leo.

#11 JembeLaMkono

Basi uzi umefungwa. Viazi vinakaa. Unaacha vimo ardhini wiki tatu, bei ikirudi unafukua. Mbao nazo hazina haraka. Kabichi, hoho na nyanya ukichelewa umekwisha. Ni suala la zao, halihusiani na mwanamke wala mwanamume. Mama angelima viazi angepita.

#12 MamaZaituni_Soni

Mwanangu JembeLaMkono, wewe umefika shambani ukamwona mwanamke kapanda kabichi, ukadhani alichagua.

Nimelima Soni miaka thelathini. Viazi mviringo vinataka mbegu ya pesa nyingi, magunia ya mbegu, mbolea yake na dawa ya ukungu karibu kila wiki mvua zikiwa kubwa. Na msimu ule wa 2020 masika yalikuwa makubwa sana. Pesa hiyo anayo nani? Mwanamke analima mboga kwa sababu zinaanza kwa kijiko cha mbegu na zinatoka ndani ya miezi mitatu, kabla mwenye shamba hajabadili mawazo. Miti ndiyo kabisa. Jaribu kupanda miti kwenye shamba ulilopewa ulime, uone utakavyoitwa kwenye kikao. Mti ni dai, na anayepanda mti anasema hapa ni pangu.

Tena kuna jambo la pili. Mboga ni ya mwanamke mpaka ipate bei. Hoho zilipopanda miaka ile ya nyuma, wanaume wengi hapa waligundua ghafla kwamba wao ni wakulima wa hoho.

#13 Kahawa_Chungu

Mama Zaituni, shikamoo. Hiyo aya ya mwisho nimemsomea mume wangu. Ametoka nje kwenda kuangalia kuku.

#14 MamaZaituni_Soni

Marahaba mwanangu. Akirudi msomee na ya kwanza.

#15 BiMwani_Jambiani

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, nalima mwani, kama mtanihesabu mkulima.

Maana kila mnayemtaja ana jembe. Sie jembe letu ni vigingi na kamba. Maji yakitoka wakati wa bamvua tunaingia, tunafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa vijikamba vya taitai, tunaondoka maji yakijaa. Wanaofanya kazi hii hapa pwani ya mashariki ni wanawake kwa wingi wao. Bei ya maana hatujaiona siku zote. Mwani mwembamba bei yake ni ndogo, na ule mnene wenye bei nzuri unakufa kwa maji kuwa moto.

Kilichokuwa kinatuokoa si mwani wenyewe. Ni sabuni ya mwani, mafuta ya mwani, na mgeni wa hoteli anayekuja kutazama tunavyofunga kamba, akanunua vipande viwili vitatu. Ndege ziliposimama, wageni wakakatika. Nilikuwa na sabuni mia mbili na kidogo, nimezipanga kwenye mbao chini ya kitanda. Zikatokwa na jasho, harufu ya mdalasini ikapotea, tukaziogea wenyewe na majirani mwaka mzima. Huo mwani mbichi mnunuzi akasema godauni limejaa, meli za nje hazieleweki, subirini. Uliokauka tukauweka ukumbini, watoto wanaulalia.

Sasa huyo bwana anayesema ni suala la zao linalokaa na lisilokaa, mwani mkavu unakaa mwaka. Na tuliumia vilevile.

#16 JembeLaMkono

Bi Mwani, hapo umenishika. Sina jibu la haraka.

#17 KaribuIlala

Hivi huo mwani unaliwa? Naomba kujua kabla sijauleta Ilala.

#18 BiMwani_Jambiani

Unaliwa, wengine tunatia kwenye kachumbari na juisi. Lakini sana unakwenda nje kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Ukiuleta Ilala pokea na simu.

#19 Furaha_Beni

Jambo wote. Naandika kutoka Beni, Kongo. Nawasoma tangu jana.

Nyinyi mnasema corona. Kwetu ilikuja juu ya Ebola. Ebola ilitangazwa Agosti 1, 2018, ikaanzia Mangina, karibu na hapa, ikaisha Juni 25, 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Corona ilipofika Ebola ilikuwa haijaisha, na watu wa silaha wanaua wakulima mashambani miaka mingi kabla ya hayo yote.

Nataka kuongeza kitu ambacho sijakiona humu. Kwetu mwanamke ndiye anayehudumia mgonjwa. Mama mkwe akiwa na homa, ni bibi wa nyumba atamwosha. Akigusa mgonjwa wa Ebola anahesabiwa, anafuatwa siku 21. Kila asubuhi watu wa afya wanakuja kumpima joto nyumbani. Shamba la muhogo liko mbali, saa mbili kwa miguu. Ukiwa shambani wakati wanakuja, wanasema umekimbia, jirani wanaanza kusema maneno. Dada yangu alikaa siku 21 bila kwenda shamba, akakuta majirani wamechimba muhogo wake. Hakuugua. Ila njaa ilimkuta kwa sababu ya kumwosha mama mkwe.

Mume wake alikuwa Butembo kwa biashara. Hakuhesabiwa.

#20 BintiLukozi

Dada Furaha, asante sana na pole. Umenikumbusha kwamba bibi yetu aliugua mwezi wa sita mwaka ule, kifua. Mama alikaa naye wiki tatu. Hoho zilivunwa na sisi watoto, tukavuna mbichi mno. Sikuwa nimeziunganisha habari hizi mbili.

#21 MwekaHazina

Naona hakuna aliyetaja kikoba. Kwetu Babati kikundi chetu kilikuwa na wanawake ishirini na watano. Hatukukatazwa kukutana, tuliogopa wenyewe. Wiki ya kwanza wakaja kumi na wawili, ya pili sita. Kikoba ni kukutana, sanduku linafunguliwa na funguo tatu za watu watatu mbele ya macho ya wote. Wasipokutana hakuna hisa, hakuna mkopo, na waliokopa wanapata sababu ya kukaa kimya. Ilikuwa karibu na kupalilia. Mkopo wa elfu hamsini wa kulipa vibarua wakati ule ndio unaotofautisha shamba na kichaka. Wanaume walikuwa na pa kukopa, hata kwa mwenye duka la pembejeo. Sisi tulikuwa na sanduku.

Na ile asilimia 5 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha vikundi vya wanawake tuliomba, tukaambiwa subirini.

#22 Karani_Holili

Marekebisho madogo: 5 ni ya zamani. Tangu 2018 ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu.

#23 MwekaHazina

Sawa karani. Iwe 4 au 5, jibu tulilopata ni subirini.

#24 Mwl_Rehema

Mimi ni mwalimu na nalima alizeti. Nasisitiza shule, ila si kama alivyosema mzee wa #2. Yeye ameiona shule kama mteja wa kabichi. Watoto watano waliokuwa wanakula mchana shuleni walirudi kula nyumbani kwa miezi mitatu. Huo ni moto wa pili wa kila siku: kuni za pili, maji ya pili, vyombo vya pili. Nilipokuwa naingia shambani saa kumi na mbili nikawa naingia saa nne. Watu husema watoto wanasaidia shamba. Wale wakubwa ndiyo, na wale wa miaka minne?

Kenya walikaa zaidi, Nyawira atasema.

#25 NyawiraWaMwea

Kwetu Machi 2020 mpaka Januari 2021, madarasa machache tu ndiyo yalirudi Oktoba. Msichana wa jirani, darasa la saba, hakurudi. Alikuwa na mtoto. Mama yake sasa analima akiwa na mjukuu mgongoni, na msichana anauza mboga barabarani. Hiyo hasara wanaiandika kwenye daftari gani?

#26 JembeLaMkono

Nimesoma vyote. Bado naamini zao lina nafasi yake, lakini nimeacha kusema uzi umefungwa.

#27 BintiLukozi

Nimempigia mama jana jioni, nikamsomea karibu uzi mzima, nusu saa nzima vocha yangu inakwenda. Kucheka amecheka mara mbili, ya mume wa Kahawa_Chungu na ya simu ya Ilala. Habari za Beni alinyamaza, akaniomba nirudie.

Nikamuuliza, wewe mama unasema ni kipi? Akasema watu wote hao wana akili, lakini hakuna aliyetaja maji.

Anasema mwaka ule vijana na wanaume waliokuwa Dar, Tanga na Moshi walirudi kijijini kazi zilipokatika, na kila aliyerudi alitaka kulima mboga, kwa sababu zinatoa pesa haraka. Wengine walirudi na pampu. Masika yalipoisha, zamu za mfereji zikabadilishwa kwenye kikao cha usiku ambacho kina mama hawakuitwa. Zamu ya mama ikawa saa nane usiku. Anasema kabichi za mwezi wa tano zilikosa bei, sawa, lakini alikuwa amepanda nyingine za mwezi wa nane, ambazo bei yake ilikuwa nzuri, na hizo hazikufunga kwa kukosa maji. Hiyo awamu ya pili mimi sikuiona, nilikuwa nimesharudi chuo.

Nikamuuliza mjomba alipata zamu ya saa ngapi. Akasema, "Mjomba wako ndiye aliyekuwa anaandika."

#28 MamaZaituni_Soni

Binti, kwetu nako mfereji ulifanyiwa hivyo hivyo, mwezi wa saba. Muulize mama kama ile orodha ya zamu ilirudishwa ilivyokuwa au ndiyo inayotumika mpaka leo. Yetu ndiyo hiyo hiyo mpaka leo.

#29 SheriaKijijini

Mama Zaituni na Binti, hiyo orodha imeandikwa mahali? Kuna muhuri wa kijiji au ni daftari la mtu? Nitumieni ujumbe wa ndani.

#30 KaribuIlala

Binti, mwambie mama karoti Ilala wiki hii zina bei. Akiwa nazo anipigie, nitapokea.